Soksi za Mama Sweta

Saa tatu asubuhi nguo zote za safari zilikuwa zimetandazwa kitandani kwa binti, na Barafu alikuwa amesimama mlangoni, chai ikimpoa mkononi, akiangalia kitu kimoja tu: miguu ya mwanawe.

Koti halikuwa na neno. Alilikagua mwenyewe jana yake, akalibonyeza, akaligeuza nje ndani, akaingiza mkono mpaka kwapani kutafuta mahali pa kupitisha upepo, asipaone. Fulana za ndani zilikuwa zile zinazokausha jasho. Glavu zilikuwa za gumba peke yake na vidole vinne pamoja, kama alivyoagiza, maana vidole vikikaa pamoja hupashana joto. Kofia ilishuka mpaka chini ya masikio. Katika yote hayo mke na binti walimsikiliza kwa adabu, kwani mtaa mzima ule nani mwingine angewaambia habari za baridi? Miaka ishirini na saba alikuwa akipanga maboksi ya samaki ndani ya friza ya ghala, digrii ishirini na tano chini ya sifuri, na hilo jina la Barafu hakulipata kwa kuuza juisi.

Basi mambo yalikwenda vizuri kuanzia kichwani, yakashuka vizuri mpaka magotini, yakaja kuharibika miguuni.

Binti alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati, na tangu aanze kazi hakuwahi kupata likizo ya kujivunia. Safari hii rafiki yake aliyesoma naye, ambaye alikuwa amehamia nchi ya theluji, alimwalika siku kumi. Wangelala kwenye nyumba ya mbao kando ya ziwa lililoganda, na mchana wangetembea juu ya ziwa hilo kutwa nzima. Digrii thelathini chini ya sifuri, alisema binti, tena akisema kwa furaha, kama mtu anayetaja alama alizopata kwenye mtihani. Ndege ilikuwa jioni hiyo hiyo. Gari la kumpeleka uwanjani lilikuwa lifike saa kumi.

"Zimeingia!" binti akapiga kelele, akaukanyaga mguu sakafuni mara mbili ili kisigino kikae.

Zilikuwa buti za kahawia zenye manyoya mdomoni, saizi thelathini na tisa, saizi yake kamili. Ndani yake kulikuwa na jozi mbili za soksi za sufu, moja juu ya nyingine, nene kama blanketi, alizozifuma mama yake kwa mwezi mzima. Mama mwenyewe alikuwa amepiga magoti anavuta kamba za buti kwa nguvu zake zote. Watu walimwita Mama Sweta, kwa kuwa nusu ya watoto wa shule wa mji ule walivaa sweta zilizotoka mikononi mwake. Mtu akisema kitu kibaya juu ya ufumaji wake, ni afadhali angemtukania wazazi.

"Chezesha vidole," Barafu akasema.

"Baba jamani!"

"Chezesha nione."

"Vitachezaje, na vimejaa soksi? Ndiyo raha yake hiyo, vimekumbatiwa."

Barafu akaweka kikombe chini. "Vua jozi moja. Au vua zote mbili, uvae moja nyepesi, na buti itafutwe kubwa zaidi. Mguu ukibanwa damu haipiti. Pasipopita damu, baridi inaingia na kukaa."

"Mzee," Mama Sweta akasema bila kuinua kichwa, "wewe unajua samaki. Samaki havai soksi."

Binti akacheka. Hata Barafu angecheka siku nyingine.

"Mimi nasema kweli, mke wangu."

Mama Sweta akainuka, akajipangusa magoti. "Haya, nijibu. Wewe umevaa soksi zangu miaka mingapi? Ishirini na nne. Kila mwaka jozi mpya. Nene hizi hizi, juu ya zile nyembamba wanazowapa huko kazini, kwenye buti saizi yako. Umewahi kurudi hapa hata siku moja ukasema miguu imeganda?"

Barafu akasema, "Hapana."

"Basi. Na vile vidole vyako viwili vilichukuliwa na boksi la yule fidhuli, havikuchukuliwa na baridi. Mwanangu, hizo usizivue hata ukilala."

Hapo ndipo Barafu alipoona amekwama kabisa. Maana yote aliyoyasema mkewe yalikuwa uongo, na mwenye uongo huo alikuwa yeye.

Miaka ishirini na nne nyuma, mke akiwa na mimba ya miezi saba ya binti huyu, alimfumia jozi ya kwanza. Alimpa asubuhi, akamwambia, leo huisikii hiyo baridi yako. Barafu akazivaa juu ya soksi za kazini, akasukuma mguu kwenye buti mpaka ukaingia, akaenda kazini anatembea kama bwana harusi. Jioni yake vidole viwili vya mguu wa kushoto, kile kidogo na jirani yake, vilikuwa vimeshakufa, na baadaye vikakatwa. Angemwambiaje? Mwanamke mjamzito, anayemngoja kwa hamu asikie kama soksi zimefaa? Akasema boksi limemwangukia. Mke akauliza, limeangushwa na nani? Barafu, kwa kukosa akili za haraka, akataja mtu aliyekuwa karibu naye zaidi duniani, mwenzake wa friza, aliyeitwa Mfupi.

Kuanzia siku hiyo Mama Sweta hakutaka kumwona Mfupi machoni. Alimfuata mpaka langoni mwa ghala na tumbo lake, akamsema mbele ya watu mpaka walinzi wakaona haya. Mfupi alisimama, akapokea yote, akainamisha kichwa, kwa sababu Barafu alikuwa amemwomba. Tangu hapo hakukanyaga nyumbani kwa Barafu.

Na soksi ziliendelea kuja, kila mwaka. Barafu huondoka nyumbani amezivaa, akifika kazini anazivua, anavaa moja nyepesi ya kazini ndani ya buti iliyozidi mguu wake kwa saizi mbili. Jioni anazivaa tena. Ili zionekane zimefanya kazi, alikuwa akiziweka chini na kuzikanyagakanyaga kwenye sakafu ya chumba cha kubadilishia nguo, mtu mzima na mvi zake, kama anayecheza ngoma peke yake. Mfupi humtazama na kutikisa kichwa.

Basi asubuhi hiyo Barafu alitoka nyumbani bila kumaliza chai. Akazunguka soko la viatu vya mtumba mstari kwa mstari, akiuliza buti za baridi, saizi arobaini na moja, za kike au za kiume, za rangi yoyote. Wauzaji walimtolea raba, viatu vya mpira, buti za jeshi zenye ngozi kavu kama ubao. Mmoja alimhakikishia kwamba viatu vya mvua ukivijaza magazeti vinafaa hata kwa safari ya mwezini. Jua lilikuwa kali, shati limemganda mgongoni kwa jasho, na yeye anatafuta kitu cha kuzuia baridi. Mwenye buti za manyoya alikuwa mmoja tu soko zima, na jozi yake ya mwisho ndiyo ile aliyoiuza kwa Mama Sweta wiki iliyopita.

Saa sita na nusu akafika ghalani. Mfupi alikuwa zamu. Alitoka friza nyusi zikiwa nyeupe, akamwona rafiki yake amekaa kwenye benchi ya chumba cha kubadilishia nguo, kichwa mikononi.

"Kaka, kuna msiba?"

"Bado," Barafu akasema, akamweleza yote.

Mfupi alikuwa na mguu mdogo, lakini kama kila mtu mwenye akili humo ndani, buti alivaa kubwa. Arobaini na moja. Buti za Barafu mwenyewe zilikuwa arobaini na tano. Binti angeogelea humo. Mfupi akafungua kabati lake, akatoa jozi ya akiba, za kijivu, pana, nzito, zenye bitana nene ndani na namba ya ghala imechapwa kisiginoni kwa rangi nyekundu. Kwa sura zilikuwa mbaya, lakini kwa kazi zilikuwa nzuri kuliko zote.

"Chukua," akasema. "Ila hatazivaa."

"Nitamlazimisha."

"Huwezi kumlazimisha mtu mzima. Atakuuliza kwa nini, na wewe huna cha kumjibu." Mfupi akakaa karibu naye. "Kaka, mimi sijawahi kukudai neno. Yule mtoto nilimwona akiwa mgongoni kwa mama yake, nikavuka barabara ili shemeji asinione. Nimemwona amevaa sare za shule, nikavuka barabara. Leo anasafiri, hata kumuaga siwezi. Hayo nimeyazoea. Lakini akirudi hana vidole, mimi nitakuwa nilijua. Na wewe utakuwa ulijua. Hilo tutalizoeaje?"

Barafu alizichukua buti, akazikumbatia kifuani, akaondoka.

Alipofika nyumbani ilikuwa imepita saa tisa. Sanduku limefungwa, liko sebuleni. Binti amevaa, amesuka, amenukia, buti za kahawia ziko miguuni tayari kwa sababu hazikuingia sandukuni. Alimwona baba yake na zile za kijivu, macho yakamtoka.

"Baba, hizo ni za nani? Za tembo?"

"Vaa hizi, mwanangu. Nakuomba."

"Nipige nazo picha? Mbele ya watu?"

"Nakuomba," Barafu akasema tena, na sauti ikamkatika, mpaka binti akaacha kucheka.

Mama Sweta akatoka jikoni. Akaziangalia buti, akaona ile namba nyekundu kisiginoni. Buti za mumewe alizijua, zilikuwa kubwa kuliko hizi. "Za nani?"

Barafu hakuwa na uongo mwingine tayari. "Za Mfupi."

Hakumaliza kulitamka jina. Mama Sweta alimnyang'anya buti, akafungua mlango, akazitupa uani, moja baada ya nyingine, zikaangukia kwenye tope la pale wanapofulia. "Mtu aliyekukata vidole ndiye amvike mwanangu viatu? Umerogwa? Nimekaa mwezi mzima nafuma, macho yananiuma, vidole vinaniuma, wewe unamletea mavazi ya yule? Soksi zangu zimekukosea nini?"

Nje honi ikalia. Gari lilikuwa limewahi.

Binti akashika mkono wa sanduku. "Jamani, msigombane, ninaondoka. Baba, nitakuwa salama, ni siku kumi tu."

Barafu alihisi roho inamtoka. Alimwona mwanawe katikati ya lile ziwa, saa ya tatu ya kutembea, vidole vimeacha kuuma, naye anafurahi kwamba vimeacha kuuma. Angemwita nani kule? Akajitupa sakafuni, mbele ya mlango, palepale njiani, akaanza kuvua kiatu cha kushoto. Mkewe alidhani ameanguka, akapiga ukelele.

"Hakukuwa na boksi," Barafu akasema.

"Nini?"

"Hakuna boksi lililoniangukia." Akavua soksi, akaunyoosha mguu wake wenye vidole vitatu. "Ilikuwa ni soksi. Ile jozi ya kwanza. Uliponipa ukasema leo sitaisikia baridi. Nilizivaa juu ya zile nyingine, buti ikanibana, nikasema itaachia. Siku hiyo kulikuwa na lori la haraka, tukapakia saa tatu nzima bila kutoka. Vidole vilichoma, halafu vikauma mpaka machozi yakanitoka, halafu vikanyamaza. Nikafurahi, mke wangu. Nikasema moyoni, kumbe kweli soksi zake zinafanya kazi. Nilipovua, vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Nikavigonga kwa ukucha, sikusikia kitu."

Honi ikalia tena. Hakuna aliyegeuka.

Mama Sweta alikuwa amesimama, mikono imeshuka. "Muuguzi wa kazini ndiye aliyekuwa anafunga kidonda," akasema polepole. "Hukunionyesha mpaka kilipopona."

"Sikukuonyesha."

"Kwa nini hukuzivua zilipoanza kukubana?"

"Ulizifuma wewe."

Mama Sweta akauliza kwa sauti ndogo ambayo Barafu hakuwahi kuisikia kwake, "Na yule mtu?"

"Hakufanya kitu. Nilimwomba anyamaze."

Binti alikuwa ameshainama anahangaika na kamba za buti za kahawia, lakini mafundo aliyakaza mama yake mwenyewe, hayakufunguka. Mama Sweta akaenda kwenye kikapu chake cha nyuzi, akarudi na mkasi. Akapiga magoti pale pale alipopiga asubuhi, akazikata kamba, kuanzia juu mpaka chini, akamvua mwanawe buti, akamvua soksi, jozi ya kwanza na ya pili. Vidole vya binti vilikuwa na alama za mishono, nyekundu, katika joto lile lile la nyumbani. Akavisugua kwa viganja vyake mpaka alama zikaanza kupotea. Kisha akatoka uani, akaziokota buti za Mfupi kwenye tope, akazipangusa kwa upindo wa gauni lake, akazileta.

"Vaa," akasema. "Soksi moja, nyepesi. Chezesha vidole, baba yako aone."

Binti akavaa, akachezesha. Barafu aliona ngozi ya buti ikiinuka na kushuka kidogo, akaweka uso wake magotini akalia kwa sauti.

Safari ya uwanja wa ndege Mama Sweta alikaa mbele na dereva, kwenda na kurudi. Waliporudi, kabla hata ya kuvua viatu, akauliza, "Kumbe zile soksi nyingine nazo hukuzivaa kazini. Ziko wapi?"

"Kabatini kwangu kazini."

"Zote?"

"Zote. Ila ile jozi ya kwanza, ile niliichoma."

"Na ule uchafu niliokuwa naufua?"

"Nilikuwa nazikanyaga."

"Umeniacha nifume miaka yote hiyo," akasema, "nikijisifu kwa majirani kwamba mume wangu hapati baridi." Akaingia ndani.

Jumatatu Barafu alirudi na mfuko mkubwa. Mama Sweta akaumwaga sebuleni, jozi ishirini na tatu, za rangi zote alizowahi kuzipenda, visigino vimekakamaa kwa vumbi la sakafu na vidole vizima kabisa. Akachukua moja, akatafuta ncha ya uzi, akaanza kufumua. Siku hiyo alifumua, na kesho yake, na kesho kutwa, uzi unarundikana miguuni pake. Chakula alimwekea mumewe mezani, akaondoka. Barafu alikula akisikia tu nyuzi zinavyoachana chumba cha pili. Mara nyingi alitamani angemtukana.

Siku ya nne ukaingia ujumbe wa binti, kwenye simu ya mama. Picha: ziwa jeupe lisilo na mwisho, na katikati yake zile buti za kijivu. Chini ameandika: Leo tumetembea saa nne nzima. Mwambieni baba vinacheza. Mama Sweta alimpa Barafu simu asome, akaichukua tena.

Siku ya tano alikwenda ghalani. Barafu alimwona kwenye dirisha la ofisi ya mizani, amesimama langoni, pale pale alipowahi kusimama na tumbo lake. Walinzi wa sasa hawakumjua. Aliomba aitiwe Mfupi. Barafu hakusikia walichosema; aliona tu kwamba mkewe ndiye aliyezungumza, na kwamba safari hii kichwa alikiinamisha yeye. Mfupi aliporudi ndani macho yalikuwa mekundu.

"Baridi ya humu inaumiza macho," akasema.

"Amekuambia nini?"

"Amesema Jumapili nije nile. Nimemwambia nitakuja kama wewe ndiye utakayeosha vyombo."

Jioni hiyo Barafu alimkuta mkewe sebuleni amekaa na sindano zake, na kando yake mpira mkubwa wa uzi, kijani, buluu, kahawia, miaka yote imechanganyika. Akamwonyesha kiti kwa kidevu. Barafu akakaa. Akamwambia avue kiatu cha kushoto, akauchukua mguu, akaupakata mapajani, akaupima kwa uzi kuanzia kisiginoni, akapitisha uzi taratibu pale ambapo vidole viwili havipo, akarudia kupima pale pale. Machozi yalimdondoka juu ya mguu, akayapangusa kwa kiganja, akafunga fundo la kwanza.

"Hii nitaifuma pana," akasema. "Na safari hii ikikubana, sema."